Hujikuna Ajipatapo

Saa nane na robo usiku, kisiwani Lewis,
upepo umelishika bati la kibanda unalitikisa,
nami nimeamka tena, mgongo kwenye mwimo wa mlango,
najisugua juu chini, juu chini,
kama kondoo wangu kwenye nguzo za uzio.
Wao angalau huacha sufu. Mimi naacha unga wa ngozi.

Muwasho ulianza Oktoba, kwenye viwiko.
Nikasema ni sabuni. Nikabadili sabuni.
Nikasema ni maji, ni paka, ni uzee.
Sikusema ni sufu. Nani aseme?
Miaka arobaini na mmoja nakanyaga kitanda cha mfumi,
na mama kabla yangu, na mamaye,
uzi ule ule umetulisha, umetuzika,
leo niuambie nini? Kwamba umenichoka?

Daktari kijana wa Stornoway, mikono laini,
aliandika krimu ya kwanza, krimu ya pili,
na kidonge cha usingizi kilicholala peke yake,
mimi nikabaki macho nikikilinda.
"Usijikune, Bi Oighrig," akaniambia.
Usijikune! Uambie moto usile kuni.

Nimetia oti ndani ya soksi ya marehemu Tormod,
nikaifunga bombani, maji yakageuka maziwa,
nikakaa humo kama kipande cha mkate kwenye chai
mpaka yakapoa. Robo saa ya pepo.
Kisha taulo, kisha jehanamu ile ile.
Wasema Mungu humpa upele asiye na kucha;
mimi alinipa vyote viwili,
nami kucha nimezikata hadi nyamani, nikazitupa jikoni.

Mtu hujikuna ajipatapo.
Na pale asipojipata?
Pana mahali katikati ya mabega, ukubwa wa kisahani,
mkono wa kulia haufiki, wa kushoto haufiki.
Tormod alifika. Hata kuuliza hakuuliza:
akipita nyuma ya kiti changu na kikombe chake,
ukucha mmoja, mara mbili, basi, kaenda zake.
Ndoa ya miaka thelathini, na ninachokililia ni ukucha.

Jumapili kanisani, katikati ya zaburi,
niliegemea benchi nikajisugua. Kidogo tu.
Nyuma yangu aliketi Ciorstaidh,
ambaye hatujasemezana
tangu kondoo dume wake aliporuka ukuta wangu,
miaka tisa sasa.

Jumatatu jioni akabisha hodi. Hakuvua kofia.
Mkononi kopo la bati, yale mafuta mazito
anayopaka viwele vya ng'ombe wake vikipasuka.
"Geuka."
Neno la kwanza kwa miaka tisa, nami nikageuka,
nikapandisha blauzi mbele ya jiko
kama mtoto anayesubiri sindano.

Viganja vyake baridi, vigumu, vinanuka zizi.
Hakukuna. Alipaka tu, taratibu,
kuanzia pale nisipofika, akizunguka kwenda nje,
kama akandikaye ukuta ulioingia ufa.
Ngozi ikashtuka, ikaguna,
ikanyamaza.
Nilikuwa nimesahau kwamba ngozi hunyamaza.
Nikaisikia saa ya ukutani. Nikalisikia jiko.
Nikamsikia yeye akipumua puani, mafua ya zamani.

"Vaa pamba chini ya hiyo sufu, mjinga wee."
"Kondoo wako alikula kabichi zangu sita."
"Nne," akasema, akatoka, mlango hakuufunga.

Hakuniponya, tusidanganyane.
Alfajiri viwiko viliamka kabla yangu,
nikavaa fulana ya pamba, nikafuma mita tatu nikijilaani.
Lakini kopo ameliacha rafuni,
kwa kusahau au kwa makusudi, sijui,
nami siligusi, hata kwa viwiko.
Leo Jumatano.
Nimefagia, na kiti nimekisogeza karibu na jiko,
kikiwa kimeupa mlango mgongo.